Riwaya za Anga na Baraza la Wasomaji: Mwaliko kwa Wazazi na Vijana wa Pearland



Ndugu wasomaji, mwezi huu napenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wazazi kadha wa kadha wa mji huu wameniuliza, wengine kwa upole, wengine kwa wasiwasi ulio dhahiri. Vijana wetu wanasoma. Wanajifungia vyumbani na mabuku manene ya Kiingereza yenye majalada ya nyota, vyombo vya angani na mashine zenye macho. Mzazi akipita mlangoni huliona jalada tu. Ndani mna nini, hajui. Mtoto naye hajui aanzie wapi kumweleza, kwa kuwa Kiswahili alicho nacho ni kile cha jikoni na cha mlangoni: njoo ule, funga mlango, umeswali? Basi watu wawili wanaopendana hukaa katika nyumba moja, kila mmoja na dunia yake, na maneno ya kuziunganisha dunia hizo mbili hayapo.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: "Mwalimu, ya nini kusoma uongo?" Ni swali la haki, nalo lastahili jibu.

Kubuni na kusema uongo

Mwongo hutaka umsadiki. Hukificha anachokifanya, na siku utakapokigundua urafiki huvunjika. Msimulizi wa hadithi hana siri ya namna hiyo. Bibi zetu walipokaa na watoto usiku walianza kwa kusema "Paukwa!", na watoto wakaitika "Pakawa!" Huo ulikuwa mkataba. Kila aliyeitika alikwisha kukubali kwamba yanayofuata ni ya kubuni, na kwamba faida yake itatafutwa ndani ya mazingatio. Jalada la riwaya lenye picha ya sayari lafanya kazi ile ile ya neno "Paukwa".

Riwaya ya kisayansi ni hadithi inayouliza: itakuwaje? Itakuwaje mashine zikiweza kusema na kuhurumia? Itakuwaje maji ya dunia yakikauka? Itakuwaje binadamu wakiishi mbali na ardhi waliyoumbiwa? Mwandishi huchukua elimu iliyopo leo, akaisogeza mbele hatua moja au mia, kisha akamtia binadamu ndani yake ili tumtazame.

Wapo wanaodhani kwamba aina hii ya hadithi ni mali ya Wazungu. Historia haikubali. Katika karne ya 12 mwanazuoni wa Andalusia, Ibn Tufayl, aliandika Hayy bin Yaqdhan, kisa cha mtoto aliyelelewa na paa katika kisiwa kisicho na watu, akapasua, akapima, akafikiri, hata akafika kwa akili yake kumjua Muumba. Mwaka 1905 Bibi Rokeya Sakhawat Hossain, Mwislamu wa Bengal, alichapisha Sultana's Dream, kisa cha nchi inayotawaliwa na wanawake, ambako vyombo huruka hewani na nguvu za jua hutumiwa katika kazi za nyumbani. Alikuwa mwanamke aliyepigania elimu ya wasichana, akaipitisha hoja yake kwa njia ya hadithi.

Na sisi Waswahili? Wengi wetu tulisomeshwa Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951. Kumbukeni kwamba nchi ile iko angani, na kwamba wajumbe wake walitumwa pande nne za dunia, tena mbinguni na ardhini, wakatafute yatakayoifaa nchi yao, kisha waliporudi wakalipwa kifungo. Mwaka 1995 Katama Mkangi, mwana wa pwani ya Kenya aliyewahi kuwekwa kizuizini mwaka 1986, alitutolea Walenisi. Ndani yake mtu aitwaye Dzombo ahukumiwa kifo kwa kutiwa ndani ya chombo na kurushwa angani, akafika katika nchi ya usawa. Jina la nchi hiyo ukilikata vipande litakwambia lenyewe: wale ni sisi.

Lazima niseme neno la tahadhari hapa. Safari ya Mtume wetu (s.a.w.) ya Israa na Miraji ni itikadi, nayo haichanganywi na hadithi za kubuni. Nasema tu kwamba watu waliozoea kusikiliza tenzi za Miraji tangu utotoni, na wanaosoma ndani ya Qur'ani mwito wa kuzitafakari mbingu na ardhi, hawana sababu ya kuliona anga kuwa mtaa wa wageni.

Anga lilipita kwetu

Hata katika mambo ya hakika, pwani yetu imo. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 Wamarekani walijenga kituo cha kufuatilia vyombo vya angani huko Tunguu, Unguja. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, tarehe 20 Februari 1962, kituo cha Zanzibar kilikuwa miongoni mwa vile vilivyosikilizana naye alipokuwa akipita juu. Kituo hicho kilifungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Kaskazini ya Malindi, katika maji ya Ngomeni, Waitalia waliweka jukwaa la kurushia roketi, na tarehe 12 Disemba 1970 ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ile ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Na hapa tulipo, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari kutoka Pearland, ndipo kilipo Kituo cha Anga cha Johnson, ambacho tangu mwaka 1965 kimeziongoza safari za wanaanga wa Marekani. Kuna watoto wetu wanaosoma darasa moja na watoto wa mainjinia wa hapo. Si ajabu basi kwamba wanataka vitabu vya aina hii. Ajabu ingekuwa wasivitake.

Vitabu tulivyosoma

Kwa muda sasa jamaa chache za hapa Pearland tumekuwa tukikutana mara moja kila mwezi, siku ya Jumamosi baada ya Alasiri, kusoma na kujadili. Tunaita baraza, kwa sababu ndivyo lilivyo: chai, visheti, maneno. Mzazi na mwanawe husoma kitabu kimoja. Nitataja vinne.

Cha kwanza ni The House of Rust, cha Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa, kilichotoka mwaka 2021. Mwaka 2022 kilipata tuzo ya Ursula K. Le Guin, iliyokuwa ikitolewa kwa mara ya kwanza. Wakali wa istilahi watasema kwamba hiki ni cha maajabu kuliko sayansi, nami sitabishana nao. Aisha, msichana wa Kihadhrami wa Mombasa, aingia baharini ndani ya chombo cha mifupa, pamoja na paka msomi anayesema, kumtafuta baba yake mvuvi aliyepotea. Vijana wetu waliozaliwa Texas waliona kwa mara ya kwanza, ndani ya kitabu cha kigeni chenye tuzo, bibi anayesema kama bibi zao. Mmoja aliuliza: "Kwa hiyo hadithi zetu zinaruhusiwa humu?" Swali hilo peke yake lilitosha kunionyesha thamani ya baraza.

Cha pili ni Binti, cha Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, kilichotoka mwaka 2015 kikapata tuzo za Hugo na Nebula mwaka 2016. Ni kitabu chembamba. Binti ni msichana wa kabila la Wahimba, bingwa wa hesabu, wa kwanza katika watu wake kukubaliwa katika chuo kikuu kilichoko sayari nyingine. Aondoka usiku, bila kuaga.

Katika baraza letu yupo baba ambaye bintiye alikuwa amekubaliwa chuo cha jimbo la mbali, naye baba hajaridhia. Alisema kwa utulivu: "Mimi sina ugomvi na elimu ya msichana huyu. Nina swali moja tu. Kwa nini hakuaga? Safari bila radhi za wazazi ni safari gani?" Bintiye alikuwa amekaa upande wa pili. Alinyamaza kitambo, kisha akajibu kwa Kiswahili cha kukatakata, lakini kila neno lilifika: "Baba, angeaga, wangemruhusu?" Hapana aliyejibu. Mwenye nyumba akaongeza chai. Yaliyoendelea nyumbani kwao ni yao. Ninachojua ni kwamba swali hilo halikuwa limewahi kuulizwa baina yao, na kwamba lilipata njia kwa sababu lilivaa nguo za mtu mwingine.

Cha tatu ni Orbital, cha Samantha Harvey, cha mwaka 2023, kilichopata tuzo ya Booker mwaka 2024. Ni siku moja ya watu sita katika kituo kinachoizunguka dunia mara 16 kwa siku. Kijana mmoja alipiga hesabu palepale: jua lachomoza kila dakika 90, je, Mwislamu huko juu aswali sala 80? Tulicheka, lakini jibu lipo, maana swali hilo lilikwisha kutoka vitabuni. Mwanamfalme Sultan bin Salman wa Saudi Arabia alikuwa Mwislamu wa kwanza kwenda angani, Juni 1985. Na kabla Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia hajasafiri, Oktoba 2007, ndani ya mwezi wa Ramadhani, wanazuoni wa nchi yake waliandaa mwongozo maalumu: sala ni tano kwa saa 24, kwa kufuata nyakati za mahali chombo kiliporushwa; na kibla ni kuielekea Kaaba kadiri mtu awezavyo, ikishindikana ni kuielekea dunia, ikishindikana ni kokote awezako. Vijana waliandika maelezo hayo daftarini bila kuambiwa. Fikihi ilikuwa imewajia kama elimu hai.

Lakini kitabu hicho kilituletea na jambo jingine. Mmoja wa wale sita, mwanamke wa Kijapani aitwaye Chie, apata habari kwamba mama yake amefariki. Yuko juu, hawezi kushuka, mama atazikwa bila yeye. Nilitazama chumbani. Kila mtu mzima aliyekuwa mle alimjua Chie. Nani miongoni mwetu hajaipokea simu ya alfajiri kutoka Mombasa, Dar es Salaam, Unguja au Bujumbura, akajua kwamba maziko yatakuwa leo baada ya Adhuhuri, na kwamba hata ndege ya haraka kuliko zote kutoka Houston haitamfikisha? Mama mmoja alieleza jinsi alivyoipata khabari ya mzazi wake akiwa kazini hospitali, akamaliza zamu, akarudi nyumbani, akawapikia watoto, asiwaambie hadi siku ya tatu. Mwanawe mkubwa, mwenye miaka 19, alikuwa akimsikiliza kwa mara ya kwanza. Alisema tu: "Mama, mimi nilikuwa nimekasirika kwa sababu ulisahau siku yangu ya kuzaliwa." Ilikuwa wiki hiyo hiyo. Ndugu zangu, sijui somo gani la darasani lingeweza kuyatoa maneno hayo.

Roboti huyu au roboti hii?

Kitabu cha nne ni Klara and the Sun, cha Kazuo Ishiguro, cha mwaka 2021. Klara ni roboti aliyenunuliwa dukani awe mwenzi wa msichana mgonjwa, naye ndiye anayetusimulia kisa chote. Nguvu zake hutoka kwenye jua, basi alidhani kwamba jua lina uwezo wa kuponya, akaliomba limponye rafiki yake. Mtoto wa miaka 11 alikumbuka mara moja kisa cha Nabii Ibrahim (a.s.), aliyeitazama nyota, kisha mwezi, kisha jua, na vyote vikatua. Akauliza kama Klara angengoja hadi magharibi angefahamu. Sikumjibu, nilimwachia swali lake, kwa kuwa lilikuwa zuri kuliko jibu langu.

Mabishano makubwa yalizuka juu ya sarufi. Je, tuseme "roboti huyu anaomba" au "roboti hii inaomba"? Kwa Kiingereza mtu aweza kuzungumza kwa muda mrefu bila kulitolea jambo hili uamuzi. Kiswahili hakikupi nafasi hiyo. Kila kitenzi kina kiambishi chake, na kila ufunguapo kinywa umekwisha kuhukumu kama kitu hicho kina uhai au hakina. Kijana mmoja alisema ni "hii", kama gari. Dada yake akasema ni "huyu", maana alihurumia. Bibi mmoja, ambaye hakukisoma kitabu ila alisimuliwa na mjukuu wake, akatukumbusha neno "maiti": wapo wasemao "maiti huyu" na wapo wasemao "maiti hii", na wote ni Waswahili. Akaongeza kwamba habari ya roho ni katika mambo ya Mola, na binadamu asijitie kuigawa. Watoto walioingia wakisitasita kwa Kiswahili walishindana kwa Kiswahili saa nzima, kwa kuwa Kiingereza hakikuwa na chombo cha kubebea ubishi wao. Wakati huu wa akili mnemba, ambapo mashine huwajibu watoto wetu kwa sauti ya mtu, ubishi huo si wa mchezo.

Namna ya kuanzisha baraza

Kwa wanaotaka kuanzisha la kwao mtaani, nashauri haya machache.

Kwanza, mzazi asome kabla ya mtoto. Si kila kitabu kinafaa. Vipo vyenye matusi, zinaa, na dhihaka kwa dini. Hata Binti, niliyoisifu, ina mauaji mengi mwanzoni mwake. Riwaya ya Okorafor ya mwaka 2025, Death of the Author, juu ya mwandishi mwenye ulemavu na jamaa yake kubwa ya Kinigeria huko Chicago, nimeipenda, ila ni ya watu wazima.

Pili, gharama isiwe kisingizio. Maktaba za Kaunti ya Brazoria zipo hapa hapa Pearland. Ukikosa kitabu, mwombe mkutubi akuagizie kutoka tawi jingine. Kwa ndugu zetu wanaoendesha malori na wanaofanya zamu za usiku, vipo vitabu vya kusikiliza. Safari ya kwenda Dallas na kurudi yatosha kumaliza Binti na kubakisha.

Tatu, watu wasizidi 12. Wakizidi, wenye haya hunyamaza. Wakae kama desturi yetu ilivyo, na kikao kimalizike kabla ya Magharibi.

Nne, lugha. Kusoma ni kwa Kiingereza, kujadili ni kwa Kiswahili. Anayekosa neno alitaje kwa Kiingereza, nasi tumtafutie: mzingo, kimondo, sayari, chombo. Ni marufuku kumcheka mtoto aliyekosea ngeli. Mtoto akichekwa mara moja hunyamaza mwaka mzima, na huo ndio mlango ambao lugha zetu hutokea katika nchi hizi.

Tano, mzazi asigeuze kikao kuwa mahakama. Kijana akitoa rai usiyoipenda, muulize ameipata wapi katika kitabu, akuonyeshe ukurasa. Ana haki hiyo kwako, nawe una haki hiyo kwake.

Kuanzia mwezi ujao, inshaallah, tutaisoma Kusadikika yenyewe, kwa sauti, mlango baada ya mlango, kama tenzi zilivyokuwa zikisomwa zamani: mmoja asome, wengine wasikilize. Vijana wamekwisha kusoma habari za sayari za wenzao. Sasa na wakaione nchi ya angani iliyoandikwa kwa lugha ya bibi zao. Mwenye nakala aje nayo, maana tulizo nazo ni mbili tu. Asiye nayo aje na masikio. Na baba, mama, ukiwa huna hakika kama utaelewa, njoo ukae karibu na mwanao. Kwa yale maneno magumu ya Shaaban Robert, safari hii yeye ndiye atakayekuhitaji wewe.

Wabillahi tawfiq.